Mgombea, na kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa je?

Kwenye kampeni za uchaguzi wa 2025, watoto wa shule ya jirani walitolewa darasani saa nne asubuhi wakampokee mgombea. Mgombea alifika saa nane. Mmoja, darasa la pili hivi, kofia ya chama ilimshuka mpaka puani, akawa anapunga kibendera kwa watu asiowaona. Mheshimiwa akambeba, picha zikapigwa. Mama mtu kaiweka status.

Hotuba niliisikiliza yote: barabara, maji, soko la kisasa, mikopo ya bodaboda, barabara tena. Watoto walitajwa mara moja tu, waliposhukuriwa kwa ngoma.

Najua, hawana kadi ya mpiga kura. Basi tuwaulizie sisi wenye nazo. Matundu ya vyoo, uji, michango isiyokwisha: ulizeni hayo pia. Mimi langu ni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971.

Kifungu cha 13 kinamruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Mvulana angoje 18. Mahakama Kuu ilishasema 2016, kwenye kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba hilo linavunja Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa. Ndiyo, ilikata rufaa! Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hata tukiwahurumia tukaanza kuhesabu ule mwaka siku hiyo rufaa ilipotupwa, uliisha siku tano kabla ya uchaguzi wa Oktoba 28, 2020. Nani alilisemea jukwaani? Ikafika 2025, tukaombwa kura tena, na kifungu kilikuwa palepale.

Halafu angalia kichekesho chenyewe. Tangu 2016, ukimwoa mwanafunzi, sheria ya elimu inakupeleka jela hadi miaka 30. Lakini binti huyohuyo akishatoka shule, labda kafeli darasa la saba, ana miaka 15, ridhaa ya baba inatosha na pilau linapikwa. Kwa hiyo kinachomlinda ni sare? Na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayosema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, tuliitunga ya nini?

Haya, niipe Serikali haki yake. Elimu bila ada ilianza 2016, ikafika kidato cha tano na sita 2022. Novemba 2021 wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi darasani, na hilo nalipigia makofi bila kinyongo. Ila liliamuliwa mwaka usio na uchaguzi, hakuna aliyekuwa anatuomba kitu.

Kipaza sauti kikifika kwako mkutanoni, usiulize lami peke yake, na wanao wa kike wamekaa hapo mbele. Uliza kifungu cha 13. Akijibu kwamba suala ni nyeti, linahitaji maoni ya wadau, muulize ni wadau gani hao ambao tangu 2016 hawajapatikana.