Mtoto wa Leo Katikati ya Makauboi

Hadithi za watoto wanaorudi nyuma ya wakati na kuangukia Magharibi ya Marekani enzi za makauboi hazina watetezi wengi. Wakosoaji wana mashtaka mawili: eti zinaupamba ubabe wa bastola, na zinamfanya mtoto mtalii katika ardhi iliyokuwa ikiporwa kwa wenyewe. La pili ni zito. La kwanza, kwa maoni yangu, linazihusu zaidi zile sinema tulizokulia vibandani.

Ndani ya sinema zile hakuna wa kuuliza swali. Kila mtu ni mwenyeji, na mwenyeji hashangai. Msafiri wa wakati, mtoto wa miaka 12 aliyechomolewa darasani, anashangaa kila kitu, na mwandishi analazimika kumjibu. Mtoto huyo akiingia Dodge City, Kansas, mwishoni mwa miaka ya 1870, akitegemea risasi kila kona, atakutana na ubao unaopiga marufuku kubeba silaha mjini. Ubao huo ulikuwepo kweli.

Au mweke kwenye msafara wa ng'ombe kutoka Texas kwenda Abilene, Kansas, njia iliyoshika kasi kuanzia 1867. Ng'ombe elfu mbili na ushei, wachungaji kumi hadi kumi na wawili, mpishi na gari lake, mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Mgeni wa kazi anawekwa nyuma kabisa, kitambaa puani, akila vumbi la kundi zima. Sasa awatazame wenzake. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na wengi wa hao walikuwa wametoka utumwani juzijuzi. Ni makadirio, na wapo wanaoyapunguza. Haya, yakate nusu: bado msafara wa watu kumi na wawili ungekuwa na mmoja au wawili, mbali na Wameksiko. Katika sinema nyingi tulizotazama hakuwemo hata mmoja. Kwa hiyo kijana wa Tanga au Kisumu aliyecheza ukauboi kwa farasi wa fimbo, akijiona anamwiga Mzungu, alikuwa akiiga kazi ambayo watu weusi waliifanya kweli, na hakuna aliyemwambia.

Sasa lile shtaka zito. Vitabu vingi vya aina hii vina kanuni kwamba yaliyopita hayabadilishwi, na wakosoaji wanaiona ni kisingizio: mtoto anashuhudia dhuluma, hagusi kitu, anarudi kwao kula chakula cha jioni. Wana hoja. Wenyeji asilia mara nyingi huishia kuwa mapambo, au mzee wa hekima wa kumwonyesha shujaa njia. Lakini kanuni hiyohiyo, ikishikwa na mwandishi jasiri, inauma. Mpeleke mtoto Sand Creek, Colorado, usiku wa Novemba 28, 1864, kwenye kambi ya Wacheyenne na Waarapaho. Chifu Black Kettle ana bendera ya Marekani, anaamini itawakinga watu wake. Mtoto anajua kwamba kukicha wanajeshi watakuja na kuua watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Huo si utalii. Msomaji wa miaka minane simpi kitabu hicho. Wa miaka 13 nampa.

Wala si lazima msafiri abadilishe historia ndipo apate kazi. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa 1838, aliajiriwa 1875 kuwa naibu marshali wa serikali kuu, akawasaka wahalifu katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hakujua kusoma. Alisomewa hati za kukamata watu, akazikariri, akajua ipi ni ya nani. Mwandishi anayemtafutia mtoto wa shule nafasi katika Magharibi ile ampe kazi ya kumsomea Reeves hati zake. Inamfaa kuliko kufyatua bastola, na haigusi historia hata kidogo.