Hit, beat, strike: yote ni slå, na mimi nikaponzwa na busu

Orodha ya maneno ya kupiga niliipata WhatsApp kutoka kwa Mkenya mmoja tuliyekuwa tunasoma naye Kiswidi darasa la jioni, mwaka wangu wa kwanza hapa Göteborg, Uswidi. Ilikuwa picha ya ukurasa wa kitabu, Kiingereza kushoto, Kiswidi kulia, na mada yake kupiga. Wiki iliyotangulia tulikuwa na matunda na hali ya hewa, sasa tukaletewa kipigo. Nikaikariri kwenye tramu nikienda kazini. Hit, slå. Beat, slå. Strike, slå. Slap, ge en örfil. Kick, sparka. Whip, piska. Knock, knacka. Kwenye spank yalikuwapo mawili, smiska na daska, na mwalimu alipoulizwa tofauti alicheka tu, akasema yote mawili ni ya matakoni.

Ile mistari mitatu ya mwanzo ilitakiwa inishtue. Maneno matatu ya Kiingereza, jibu moja la Kiswidi. Mwingereza akiona hivyo atadhani Kiswidi kina njaa ya maneno. Mimi niliyekulia kwenye kupiga simu, kupiga pasi na kupiga deki nilipaswa kusema: kumbe huyu slå ni ndugu yangu! Sikusema, kwa sababu nilikuwa nafika Uswidi kwa kupitia London, kama tunavyofanya wengi wetu. Shule ilitufundisha kwamba kila lugha ya Ulaya mlango wake ni Kiingereza. Gharama ya kuzunguka huko niliilipa miaka mitatu baadaye, kwenye korido ya chekechea.

Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni na giza limeshaingia. Nimekwenda kumchukua binti yangu, wakati huo ana miaka minne. Maovaroli ya mpira yananing'inia ukutani yakichuruzika maji ya matope, viatu vimepangwa chini kama vya msikitini. Mwalimu wake akaniomba tusogee pembeni. Akaniambia, kwa sauti ile ya Waswidi isiyopanda wala kushuka, kwamba mtoto amesema jambo wakati wa kula matunda: pappa slår mig varje kväll. Baba ananipiga kila jioni. Akaongeza kwamba alilisema huku anacheka, ndiyo maana ameamua kuniuliza kwanza.

Ambaye hajaishi huku huenda asielewe kwa nini magoti yaliniishia nguvu. Mwalimu wa chekechea hapa anawajibika kisheria kutoa taarifa ustawi wa jamii akishuku tu kwamba mtoto anapigwa. Si suala la kuitwa kikao cha ukoo. Nikasimama pale na kofia mkononi, nikitafuta ni lini nimemgusa mwanangu, na jioni zetu zote zinapita kichwani: uji, mswaki, hadithi, taa. Kisha nikaikumbuka sentensi anayoniambia kila usiku akishafunikwa blanketi. Baba, nipige busu.

Alikuwa ameifasiri. Kupiga ni slå, amelisikia. Busu kwa Kiswidi lilimtoka, au alilimeza pamoja na kipande cha ndizi. Likabaki tendo peke yake, bila jina la kipigo.

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia mwalimu kwamba kwetu tunapiga kila kitu. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga hesabu. Daktari anampiga mtoto sindano. Akasikiliza, akaandika kitu kwenye karatasi, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili timamu: na mnapopiga kwelikweli, mnasemaje?

Nikasema: tunapiga.

Kilichoniokoa si Kiswidi changu. Alimwita mtoto, akamwomba aonyeshe baba anafanya nini jioni. Binti yangu akachukua mwanasesere, akamlaza, akambusu kwenye paji la uso kwa kishindo, akasema, så. Hivyo. Mwalimu akacheka mpaka akatoa miwani.

Nimelifikiria sana lile swali lake tangu siku hiyo. Wapo watu wetu, tena wasomi, wanaoshika orodha kama ile na kusema Kiswahili ni maskini: tazama Waingereza, wana hit, strike, slap, smack, punch, thrash, flog, sisi tuna piga tu. Mimi naona wamehesabu upande usio wenyewe. Kiingereza hukifunga kifaa ndani ya kitenzi. Punch ina ngumi tumboni mwake, cane ni henzirani na pia ni kuchapa kwa hiyo henzirani. Sisi tumeliacha tendo likiwa tupu, uzito tukaubebesha jina: kofi, kibao, ngumi, teke, kichwa, kumbo, mtama, kiboko, bakora. Na konzi! Mwambie Mwingereza akupe neno moja la konzi, lile pigo la vifundo vya vidole kwenye utosi ambalo kaka mkubwa humshushia mdogo wake aliyegusa redio. Atakupa sentensi nzima. Hapo sijataja kucharaza, kutandika, kutwanga, kunyuka na kudunda, ambayo kila moja lina kasi yake na mlio wake.

Kiswidi kinafanya mchezo karibu na wetu, ila mzigo wake kinaubebesha vijineno vidogo vinavyokifuata kitenzi. Slå på ni kuwasha. Slå av, kuzima. Slå in, kufunga zawadi kwa karatasi. Slå upp, kutafuta neno kwenye kamusi. Slå i, kumimina kahawa. Maua yakichanua, Waswidi husema slår ut, na sijui nani alimwona ua akipiga, lakini na sisi nani alimwona mtu akiupiga mwayo? Kuna mahali tunakutana uso kwa uso: slå läger ni kupiga kambi, neno kwa neno, na slå en signal ni kupiga simu. Kama ningefundishwa slå kwa kupitia piga, ningeyajua haya mwezi wa kwanza. Kwa kupitia hit nilibaki nimekodoa macho.

Siku yangu ya kwanza kazini bosi alinikaribisha ofisini akasema, slå dig ner. Nikaifasiri palepale: jipige chini. Mtanzania yeyote anajua maana ya kupigwa chini. Nikawaza, jamani, hata kabati la nguo sijaonyeshwa nimeshafukuzwa? Kumbe alikuwa ananiambia keti. Kufukuzwa kwenyewe wao huita få sparken, kupata teke, na Wakenya wangesema amepigwa kalamu. Yale yale ya kupiga, ila kalamu nadhani inauma zaidi.

Halafu lipo hit lenyewe. Hili si la Kiingereza kwa kuzaliwa. Waingereza walilichukua kutoka kwa Waviking, ambao kwao hitta ilikuwa kukutana na kitu, kukifikia. Waingereza wakalivuta mpaka likawa pigo. Waswidi wakabaki nalo likiwa na maana ya kupata kilichopotea. Kwa hiyo Mswidi anapoingia jikoni akifurahi kwamba ame-hitta funguo zake, hajazipiga, amezipata chini ya gazeti. Na slay, kuua, la Kiingereza, ndilo ndugu wa damu wa slå. Upande mmoja wa bahari neno likaua, upande wa pili likabaki linapiga, tena mara nyingi linawasha taa tu.

Ninalolipenda kuliko yote ni stryka. Ni jamaa ya strike. Maana yake kupitisha mkono taratibu, kama unavyompapasa paka, na ndilo neno la kupiga pasi. Lakini få stryk ni kula kichapo! Mkono ule ule uliokuwa unanyoosha shati umegeuka. Nilipolijua hili niliacha kuona aibu ya pasi yetu. Tulidhani ni sisi peke yetu tunaopiga nguo kwa moto.

Neno lililokosekana kwenye orodha ni aga, kwa Kiswidi, lisichanganywe na kuaga kwetu. Aga ni kumpiga mtoto kwa nia ya kumfunza. Kiingereza hakina neno moja la kawaida lenye uzito huo, na kwa kuwa orodha ilianzia Kiingereza, likadondoka njiani. Mgeni anaweza kukariri smiska na daska mpaka alfajiri asikutane na neno ambalo nchi nzima ilibishana nalo kwa miongo. Shule za msingi za Uswidi zilikatazwa viboko mwaka 1958. Tarehe 1 Julai 1979 ikaanza sheria iliyowakataza hata wazazi, ya kwanza duniani, baada ya bunge kuipitisha kwa kura 259 dhidi ya 6. Taarifa zake zikachapishwa hadi kwenye maboksi ya maziwa, ili familia izisome ikinywa chai. Sheria yenyewe haikuja na kifungo chake. Anayempiga mtoto anahukumiwa kwa sheria ile ile ya jinai inayomhukumu anayempiga mtu mzima, na huko kosa linaitwa misshandel. Neno hilo halichekeshi.

Waingereza wamebaki na smack, neno linalosikika kama busu la shangazi, na England hata sheria yao ya 2004 ilimwachia mzazi utetezi wa adhabu ya kiasi. Scotland wameufuta mwaka 2020, Wales 2022. Wingi wa maneno laini ya kupiga, kwangu, si utajiri. Ukiwa na smack, spank na tap unaweza kumzunguka mtoto mwaka mzima bila kukiri kwamba umempiga.

Na sisi tunayo ya kwetu: kumrudi, kumtia adabu, kumnyoosha. Methali nazo ziko tayari kutusindikiza, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwaka ule ule wa 1979 Tanzania ilikuwa inatunga kanuni za viboko shuleni, zikarekebishwa 2002 visizidi vinne. Kenya iliviondoa shuleni mwaka 2001. Mimi ni wa kizazi cha fimbo ya mpera. Darasa la nne nilikunjua kiganja mbele ya wenzangu kwa kosa la kuchelewa, na jioni sikumwambia mama nimepigwa. Nilisema nimekula vinne, kama mtu anayezungumzia maandazi. Sasa nikimwangalia mwalimu yule wa chekechea na karatasi yake naona kitu ambacho mimi sikuwa nacho nikiwa na umri wa binti yangu: mtu mzima wa nje anayesikia neno moja na kusimama hapo hapo kuuliza maana yake. Aliniogopesha, ndiyo. Ningemchagua tena.

(Kwa wapenda vitafunwa: örfil, kofi la sikio, kwa Waswidi wa Ufini ni pia jina la ule mkate wa mdalasini uliosokotwa. Nimekula mengi, sijajitetea.)

Nyumbani tulifanya kikao kidogo. Tukamweleza mtoto kwamba Kiswidi busu halipigwi, hutolewa: ge en puss. Simu nayo, asiseme slår, aseme ringer. Alielewa haraka mno. Wiki ile ile kupiga kukahama nyumbani kwetu, hata kwenye Kiswahili chake. Nipe busu. Nipe picha. Jumapili nilikuwa jikoni simu ya bibi yake wa Tanga ikaita, mtoto akaidaka, na nilimsikia akiniita kwa nguvu huku amemwelekezea bibi kioo:

“Baba, njoo, bibi ameringa!”

Kukawa kimya kidogo upande wa Tanga.

“Nimeringa?” mama akauliza. “Mimi? Nimemringia nani?”