Ufadhili Unaofungwa Kesho Haukuhusu

Tangazo limesambazwa tena wiki hii: "UFADHILI KAMILI! Omba sasa, mwisho kesho saa sita usiku!" Chini yake msururu wa "asante sana, ubarikiwe". Mnashukuru nini? Nafasi inayofungwa kesho ilikuhusu miezi mitatu iliyopita. Afadhali ufadhili wa masomo wa Chevening (Uingereza), Fulbright (Marekani), DAAD (Ujerumani) na Erasmus Mundus (Umoja wa Ulaya) hurudi kila mwaka, karibu majira yaleyale, kwa hiyo andika tarehe hizo kwenye kalenda sasa uombe mwakani.

Kinachoua maombi ya dakika za mwisho ni barua za mapendekezo. Insha utaiandika kwa kukesha, vyeti unavyo kabatini, lakini barua iko mikononi mwa mtu mwenye shughuli zake. Mara nyingi unajaza baruapepe ya mhadhiri, mfumo unamtumia kiungo, naye anapakia barua mwenyewe bila wewe kuiona. Kiungo kikiangukia kwenye folda ya taka, hakuna atakayekupigia simu kukuambia. Mifumo mingine haitumi kiungo hicho mpaka uwe umewasilisha fomu yako, na bado barua inatakiwa ifike kabla ya tarehe ileile ya mwisho. Sasa wewe wasilisha saa tano usiku uone.

Mwombe mwandishi wa barua wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho. Mpe jina la ufadhili, vigezo vyake kama vilivyoandikwa, matokeo yako, wasifu, rasimu ya insha, na mambo mawili matatu aliyokuona ukiyafanya kwa macho yake. Mtajie tarehe iliyo wiki moja kabla ya ile halisi. Mkumbushe zikibaki wiki mbili, halafu siku tatu. Tumia baruapepe yake ya chuo au ya kazini, maana baadhi ya mifumo hukataa anwani binafsi. Na uwe na mtu wa akiba.

Halafu huu ugonjwa wa kutafuta mtu mwenye cheo kikubwa akuandikie! Barua ya mkurugenzi inayosema "namfahamu kama kijana mwenye bidii" haisaidii chochote. Msimamizi wa mradi wako, anayeweza kueleza ulivyorekebisha data zilizoharibika, anamshinda kwa mbali. Akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", mpe vidokezo tu. Wasomaji wakikuta barua na insha zina mtindo mmoja wa uandishi, umejichongea.

Haya, nakubali: aliyesoma darasa la watu mia tano hafahamiki kwa mhadhiri yeyote, na hilo si kosa lake. Amfuate msaidizi wa maabara au bosi wa mafunzo kwa vitendo.

Mengine kwa ufupi. Chevening inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Kama huna, usijisumbue mwaka huu. "Ufadhili" wa ada peke yake haulipi nauli wala pango. Vyuo vya Harvard na MIT vya Marekani haviangalii uwezo wako wa kulipa vinapochagua wanafunzi wa shahada ya kwanza, hata wa kigeni, lakini msaada wa fedha una fomu zake. Jina la pasipoti na la vyeti yakitofautiana, shughulikia hati ya kiapo mapema. Saa ya mwisho ya kuomba mara nyingi ni ya nchi ya wafadhili, si ya kwako. Anayekudai pesa "kuharakisha ombi lako" ni tapeli.

Matokeo yakitoka, hata ukikataliwa, mwarifu aliyekuandikia. Asiposikia neno kutoka kwako, mwakani hicho kiungo hatakifungua.