Unalipia Maji ya Nyanya

Siku moja nilikuwa jikoni na chupa ya sosi ya piza mkononi, nasubiri oveni ipate moto, nikajikuta nasoma yale maandishi madogo ya ubavuni. Maji. Nyanya iliyokolezwa. Sukari. Chumvi. Wanga wa kuifanya iwe nzito. Kisha neno moja lililojumlisha yote yaliyobaki: viungo. Katika nchi nyingi orodha ya namna hiyo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na hapo kilichotangulia ni maji. Nikafungua kabati. Maji ninayo bombani. Nyanya ya kopo ipo, tena makopo mawili. Sukari na chumvi havijawahi kukosekana. Sasa nimelipia nini? Kifuniko?

Tangu siku hiyo sijanunua tena, na kadiri ninavyopika ndivyo msimamo wangu unavyozidi kuwa mkali. Sosi ya piza ni kitu rahisi mno kutengeneza, na ukikitengeneza kwa gharama ndogo kinakuwa kitamu kuliko kile cha chupa. Wanaosema cha bei nafuu lazima kiwe duni labda wako sahihi kwenye viatu. Kwenye sosi wamekosea.

Nianze na kopo, maana siri ya unafuu imelala humo. Nyanya mbichi ni maji kwa asilimia 94 hivi. Kiwandani hupondwa, huchujwa maganda na mbegu, kisha maji hupunguzwa kwa joto hadi libaki lile rojo jekundu zito la kukwangua kwa kijiko. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex Alimentarius, vinataka rojo hilo liwe na angalau asilimia 24 ya yabisi (kile kisicho maji) ya nyanya yenyewe iliyoyeyuka humo, na makopo mengi hufika 28. Kwa hiyo ile nyanya ya kopo ya gramu 70 ni nyanya gramu 300 hadi 400 hivi iliyokwisha kukaushwa na mtu mwingine, kwa gesi yake. Kazi yako imebaki kurudishia maji kidogo. Ndicho alichofanya mwenye chupa, isipokuwa yeye amekutoza kwa kumimina.

Kwa piza mbili za upana wa sentimita 30 natumia kopo moja la gramu 70, maji mililita 100, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, punje moja ya kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha oregano kavu, na chumvi. Basi. Chumvi naiweka mwisho kabisa, tena baada ya kuonja, kwa sababu baadhi ya makopo huja na chumvi yake.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea, nami nililikosea kwa muda mrefu: kulimimina lile rojo kwenye maji moja kwa moja na kukoroga. Utapata kitu chekundu, ndiyo, lakini kitakuwa na ile ladha ya kopo, kali na yenye ubichi, ambayo jibini yote duniani haiwezi kuifunika. Rojo la nyanya linataka kukaangwa kwanza. Pasha mafuta kwa moto mdogo, tia kitunguu saumu kilichopondwa, kihesabie sekunde 30 hivi. Kikianza kuwa kahawia umechelewa. Kitunguu saumu kilichoungua ni kichungu, na uchungu huo hautoki hata ufanyeje. (Nimewahi kujidanganya kwamba oregano ingeuficha. Tulikula piza chungu yenye oregano.) Kisha tia nyanya na uigeuze kwa mwiko dakika tatu au nne, ukikwangua sufuria chini, mpaka wekundu ule wa kung'aa ufifie kuelekea rangi ya tofali na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Harufu itabadilika na utaijua ilipobadilika. Sukari ya nyanya yenyewe imeanza kukolea kwa joto, na mafuta yamevuta zile ladha ambazo maji peke yake hayazivuti. Hapo ndipo unamimina maji, unatia oregano ukiisugua kiganjani, unaacha ichemke polepole dakika tano.

Kuhusu sukari, nina neno. Karibu kila ninayemwona akipika sosi hii hutia sukari kabla hata ya kuonja, kana kwamba ni sheria. Onja kwanza, tena onja pamoja na kipande cha jibini, maana hutaila sosi peke yake. Mara nyingi chumvi na mafuta ya jibini huulainisha uchachu ule uliokutisha ulipolamba mwiko. Ukiona bado inauma, tia bikaboneti ya soda kidogo, ya kushika kwa ncha za vidole viwili tu. Itatoa povu, usishtuke, ni asidi inapunguzwa nguvu. Ukizidisha utapata sosi yenye ladha ya sabuni.

Najua kuna atakayeniambia kwamba kwao Waitaliano sosi haipikwi kabisa. Ni kweli. Piza ya Napoli hupakwa nyanya nzima za kopo, zilizomenywa, zikapondwa na kutiwa chumvi, basi. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984 ili kulinda utaratibu huo, hakichezi na jambo hili, na UNESCO iliuingiza ufundi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017. Nawaheshimu. Lakini oveni yao ya kuni huzidi nyuzi 430 za Selsiasi na piza hutoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Oveni ya nyumbani hufika 250 ikijitahidi, na piza hukaa humo dakika kumi. Katika dakika hizo kumi nyanya mbichi yenye majimaji inashuka kwenye unga, na katikati ya piza panakuwa uji. Sosi ya kukaanga, iliyo nzito, inakaa pale ulipoipaka. Ndiyo maana sioni sababu ya kutafuta zile nyanya za San Marzano zenye muhuri, zinazolimwa karibu na mlima Vesuvius, kwa ajili ya oveni yangu. Nyanya nzuri sana, ila thamani yake nitaipotezea njiani.

Msimu wa nyanya mbichi ukifika na bei ikaanguka, mambo hubadilika kidogo. Chagua zile ndefu zenye nyama nyingi, zilizoiva hadi zinabonyea. Usizichemshe kwanza ili kuzimenya. Zikate katikati, kwaruza upande wa nyama kwenye kikwaruzio cha karoti, na ganda litabaki kiganjani mwako. Tia chumvi, mimina kwenye chujio, acha yachuruzike dakika 20. Yale maji usiyamwage! Ule ute unaozunguka mbegu una glutamati nyingi kuliko nyama ya nyanya, yaani ndiko utamu wa mchuzi ulikojificha, na kiasi kikubwa kimeshuka na hayo maji. Yachemshe peke yake mpaka yabaki vijiko viwili, kisha yarudishe. Blenda siipendi kwa kazi hii. Inaingiza hewa, na sosi inatoka na rangi ya waridi kama dawa ya mtoto.

Unafuu mwingine uko mkononi mwa anayepaka. Tunapaka sosi nyingi mno. Kwa piza ya sentimita 30, gramu 80 zinatosha, yaani vijiko vitano vikubwa visivyojaa sana. Anzia katikati, zungusha kwa mgongo wa kijiko, na ukiona unga unachungulia hapa na pale, hapo simama.

Inayobaki huingia friji, na naitumia ndani ya siku nne. Zaidi ya hapo naigandisha kwenye vile visahani vya barafu, kila kipande kama kijiko kimoja, vitano vinatosha piza moja. Usiiache mezani siku nzima kwa kuamini kwamba mafuta yanaihifadhi: kitunguu saumu ndani ya mafuta, mahali penye joto na pasipo hewa, ni makazi mazuri ya bakteria wa botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua, na hao hawana harufu ya kukuonya.

Pingamizi la mwisho ninalolisikia ni muda. Sosi hii inachukua dakika kumi na kidogo. Oveni yangu inachukua nusu saa kupata moto wa kutosha kwa piza, na zamani nusu saa hiyo niliitumia kusimama, chupa mkononi, nikisoma maandishi ya ubavuni.

Ile chupa bado ninayo. Niliiosha nikaijaza oregano. Kifuniko chake, nakiri, kinafunga vizuri.