Mama mkwe na ndoo yake wodini

Siku ya tatu tangu mwanangu alazwe, mama mkwe wangu aliingia wodini na ndoo. Ndoo ndogo iliyowahi kuwa na rangi ya ukutani, ndani yake maji ya jiki na kitambaa kilichochanwa kwenye shuka kuukuu. Alisema "hamjambo humu" akaanza kufuta: vyuma vya kitanda, kijimeza cha dawa, stendi ya dripu ambayo tangu asubuhi ilikuwa imezunguka kwa watoto wanne. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Wodi nzima inatutazama, na mimi ndiye mkwe msomi.

Nesi akaja. "Shikamoo, bibi. Hiyo kazi ina wenyewe."

"Marahaba." Akakamua kitambaa. "Wenyewe wako wapi, mwanangu?"

Nesi hakujibu, na kwa kweli angejibu nini? Mhudumu wa usafi alikuwa mmoja kwa wodi yote pamoja na vyoo vyake. Bomba la mlangoni lilitoa maji alfajiri, likikauka saa mbili asubuhi limekauka mpaka kesho. Watoto walilala wawili kitanda kimoja, kichwa huku kichwa kule. Hospitali siitaji, kwa sababu naamini wengi wenu mmeshalala kwenye wodi kama ile, na jina lake mnaweza kulijaza wenyewe.

Mwanangu alikuwa na miezi kumi na minne, aliingia na nimonia. Siku ya nne alicheka, nikampigia baba yake simu aandae nauli ya kuturudisha. Siku ya sita homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza, na mkono wenye kanula, ile sindano ya dripu inayoachwa mshipani, ukavimba, ukiugusa unawaka moto. Wakahamisha kanula, wakabadilisha dawa, tukakaa siku tisa zaidi. Alipona, sasa anasoma darasa la tatu na anavunja kila kitu. Lakini karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa neno moja tu: nimonia. Homa ya pili haikuandikwa popote.

"Hospitali si pa kukaa," mama mkwe alikuwa akirudia siku zote hizo. "Ukikaa sana unabebeshwa cha mwenzio." Nilimwona mshamba.

Baadaye nikaanza kusoma habari za maambukizi yanayopatikana hospitalini, mwanzoni kwa hasira, kisha ikawa mazoea. Nikakutana na Kilifi.

Pale Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa shirika la Wellcome la Uingereza wamekaa hospitalini tangu mwaka 1989. Kuna jambo moja wanalofanya ambalo hospitali zetu nyingi hazina uwezo nalo: mtoto akilazwa, damu yake inachukuliwa na kuoteshwa maabara ili kuona kama ina bakteria, hata kama hana dalili za maambukizi kwenye damu. Na akiwa amelazwa homa ikimpanda upya, wanaotesha tena. Kati ya mwaka 2002 na 2009 walifuatilia watoto zaidi ya 33,000 kwa namna hiyo, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Walichokuwa wakikitafuta ni bakteria wanaoingia kwenye damu ya mtoto baada ya saa 48 wodini, yaani wale ambao hakuja nao kutoka nyumbani.

Walipata watoto kama 6 kwa kila 1,000 waliolazwa. Ukisoma haraka unaona ni wachache, na mimi nilivuta pumzi. Halafu nikafika mstari wa pili. Kati ya hao waliopatia maambukizi wodini, asilimia 53 walifariki. Waliokuja na bakteria kwenye damu kutoka nyumbani walifariki asilimia 24. Ugonjwa wa aina moja, mtoto wa kijiji kile kile, lakini ukiupatia hospitalini hatari inazidi mara mbili. Sababu moja si ngumu kuielewa: bakteria wa wodini, kina klebsiela na wenzake, wamekaa na dawa zetu muda mrefu wakazizoea.

Na hatari yenyewe inahesabika kwa siku. Kila siku ya ziada kitandani ni siku nyingine ya kanula, ya mikono ya watu, ya stendi ya dripu inayozunguka. Mama mkwe wangu hajawahi kufika Kilifi.

Walikuta pia makundi mawili yaliyo hatarini zaidi. Watoto wenye utapiamlo mkali walipata maambukizi hayo mara mbili na nusu kuliko wengine. Na watoto walioongezewa damu ilhali upungufu wao wa damu haukuwa mkali, karibu mara tano. Hapa niseme kitu kwa uangalifu, maana najua kuna mama atasoma hili kesho yuko wodini: utafiti wa namna hii unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba chupa ya damu ndiyo iliyoleta bakteria. Kwa mtoto mwenye upungufu mkali wa damu, kuongezewa damu ndiyo maisha yake, usiikatae. Ila una haki ya kumuuliza daktari, "Damu ya mwanangu ni kiasi gani, na asipoongezewa itakuwaje?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Nikisimulia habari hizi, kuna watu wananiambia nawatia wazazi hofu, watabaki nyumbani na watoto wanaohema kwa shida. Hoja hiyo naiheshimu kiasi. Mtoto mwenye nimonia akibaki nyumbani anaweza kufa usiku huo huo, na kwa hesabu ile ile ya Kilifi, watoto 994 kati ya 1,000 hawakupata bakteria wa wodini kwenye damu. Peleka mtoto hospitali. Lakini naona ajabu kwamba sisi tunaoaminiwa kumnywesha mtoto dawa saa nane usiku, kumshikilia akichomwa, kumpeleka picha ya kifua wenyewe kwa miguu, hatuaminiwi kuambiwa kwamba wodi nayo ina hatari zake.

Muhimbili, hospitali ya taifa pale Dar es Salaam, waliliona tatizo hili mapema. Watafiti walifuatilia watoto waliolazwa pale kati ya mwaka 2001 na 2002, na ripoti yao ikatoka 2007. Wakati ule sote tulikuwa tukihofia malaria, na tulikuwa na haki. Lakini katika watoto wale, kati ya wenye malaria walifariki asilimia 20, na kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, kina klebsiela hao hao, walifariki asilimia 43.5. Si wote walioupatia wodini, wengine walikuja nao. Kilichonigusa ni kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake wameshaizoea alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Leo usugu huo umepewa jina la kiserikali, UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, una mabango na semina. Siku zile ulikuwa unaitwa "dawa imemkataa".

Sasa ndoo.

Mwaka 2024 lilichapishwa jaribio lililofanywa kwenye hospitali moja ya New South Wales, Australia. Walichukua wodi kumi. Hawakuleta dawa mpya wala mashine. Waliongeza wahudumu wa usafi, saa tatu zaidi kila siku ya kazi, na kazi yao ikawa moja: kufuta vifaa vinavyotoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule. Stendi za dripu, mashine za presha, vitu vya namna hiyo. Wakafundishwa, kazi yao ikakaguliwa, wakaambiwa wapi wamepitiwa. Maambukizi ya hospitalini yakapungua kwa karibu theluthi moja. Wagonjwa wale walikuwa watu wazima na Australia si Handeni, najua. Lakini huko ambako maji hayakatiki na wagonjwa hawalali wawili wawili, stendi ya dripu ilikuwa bado inabeba ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda mpaka mtu alipopewa muda wa kuifuta. Kwetu je?

Nilimsomea mama mkwe habari hiyo kwenye simu. Akauliza, "Wamelipwa?" Nikamwambia wamelipwa. Akacheka sana.

Kilichonibadilisha zaidi lakini ni habari ya watoto njiti, maana huko ndiko mzazi alikofukuzwa kwa muda mrefu kuliko kote. Mtoto akizaliwa na kilo moja na nusu anawekwa kwenye chumba chake, kwenye mashine ya joto, na mama anabaki nje ya mlango. Sababu aliyopewa ilikuwa usafi: mama ana vijidudu. Anaingia saa za kunyonyesha, anatoka. Nina shangazi aliyemwona mwanawe kupitia kioo wiki mbili.

Huko Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alikuwa na mashine chache na watoto wengi. Waliwekwa pamoja kwenye mashine moja, wakaambukizana. Akaamua kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma ya kangaruu ikaanzia hapo, kwenye uhaba. Ikaenea duniani, lakini kwa sharti: mtoto kwanza atulie kwenye mashine, kangaruu baadaye. Aliye hoi haguswi.

Sharti hilo likaja kupimwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo moja na kilo 1.8. Nusu walikwenda kwa utaratibu wa zamani. Nusu nyingine walipewa mama mara baada ya kuzaliwa, hata wakiwa hoi, na mama akawekewa kitanda ndani ya chumba kile kile alichokuwa akikatazwa. Walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12 kwa waliokaa na mama tangu mwanzo, na asilimia 15.7 kwa wenzao. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jopo la usalama lilishauri jaribio lisitishwe kabla ya wakati, kwani isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Na waliohisiwa kuwa na maambukizi kwenye damu walikuwa wachache zaidi upande wa mama. Mwaka 2022 mwongozo wa dunia ukabadilishwa.

Yaani yule aliyezuiwa mlangoni kwa sababu ya vijidudu, alipoingia, maambukizi yalipungua. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto anapata vijidudu vya ngozi ya mama, vile vya kawaida, kabla vya wodini havijamkalia, ananyonya mapema, na mikono inayomshika inakuwa michache. Nafikiria shangazi yangu na kile kioo.

Ndiyo maana nimefikia mahali pa kusema hivi: anayemuuguza mtoto wodini ni sehemu ya kinga, na tunamtendea kama mgeni aliyepitiliza saa za kuona wagonjwa. Anatumwa kununua glovu nje, lakini haambiwi zinavaliwa lini. Akiona kanula imekuwa nyekundu hajui kama aseme au anyamaze asije akaonekana mjuaji. Siku ya kulazwa anasomewa gharama. Kwa nini asiambiwe wakati huo huo: osha mikono kabla ya kumshika mtoto na ukitoka kumbadilisha, usimshike wa jirani bila kunawa, mkono ukivimba niite hata usiku, na kila asubuhi uliza kama kanula bado inahitajika? Ni dakika mbili.

Najua hatari ya hoja yangu. Tukisema wazazi wasaidie, kesho mtu ofisini atapunguza wahudumu wa usafi, aseme ndugu watafuta. Hapana. Mhudumu alipwe, afundishwe, awe na mwenzake zamu ya usiku, na bomba litoe maji saa mbili usiku kama alfajiri. Hata kitakasa mikono kina fomula ya Shirika la Afya Duniani inayotengenezeka kwenye famasi ya hospitali kwa spiriti, gliserini na hidrojeni peroksaidi, kwa hiyo sielewi chupa tupu zilizoning'inizwa ukutani tangu enzi za korona. Na homa ya siku ya sita iandikwe. Kilifi wanajua kwa sababu wanahesabu. Hospitali isiyoweza kuotesha damu inaweza angalau kuweka daftari: mtoto fulani, siku ya sita, homa mpya, kanula imevimba. Daftari moja la kaunta halishindi hospitali.

Mwaka jana nilimpeleka mtoto wa mdogo wangu wodi nyingine, mkoa mwingine. Nilitoa kitambaa changu, nikakilowesha maji, nikafuta kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kabla hajavishwa. Daktari kijana akaniangalia, akakichukua, akakifuta tena kwa spiriti, akasema, "Asante, mama, ulianza vizuri ila kwa maji tu haitoshi." Sikusikia aibu.

Yule nesi wa kwanza, nimemkumbuka mara nyingi. Siku ile tunaruhusiwa, nimeshafunga mizigo, mtoto mgongoni, alikuja akasimama karibu na kitanda, akamuuliza mama mkwe kwa sauti ya chini kama ile ndoo anaondoka nayo.

Akamwachia, na kitambaa chake.