Siku tatu za mkanda wa jeshi

Mama alianza kulalamikia ubavu siku ya Jumatatu. Alidhani ni ndoo ya maji aliyoinyanyua vibaya. Jumatano yakatoka malengelenge chini ya titi la kushoto, mafungu mafungu, yakazunguka kuelekea mgongoni. Akayaficha. Sisi wanawe tulikuja kujua Jumanne iliyofuata, pale dada yangu alipomkuta usiku wa manane amekaa kitandani, khanga ameishusha hadi kiunoni, hataki hata kitambaa kimguse.

Tulipomuuliza kwa nini amenyamaza siku zote hizo, alijibu kwa sauti ya chini: "Nimeogopa. Umri huu, watu watanifikiriaje?"

Mtu yeyote aliyekuwa na akili zake huku kwetu miaka ya 1990 anajua mama alikuwa anaogopa nini. Mkanda wa jeshi ulikuwa jina jingine la UKIMWI. Kijana akionekana na alama ya mkanda, majirani walikuwa wameshamaliza kesi. Na chanzo cha imani hiyo ni cha kweli: VVU hudhoofisha kinga ya mwili, na kinga ikidhoofika mkanda hupata nafasi, ndiyo maana hadi leo mgonjwa wa mkanda hushauriwa apime. Ushauri huo ni mzuri. Lakini umri peke yake unatosha kuuleta. Ukishavuka miaka 50 kinga dhidi ya kirusi kinacholeta mkanda huanza kulegea, hata kwa mtu ambaye hajawahi kulazwa maisha yake yote. Mama alipima, hakuwa na VVU. Angekutwa navyo angeanza dawa, maisha yakaendelea, na bado angestahili kutibiwa mkanda wake bila kunong'onwa.

Ninasema hivyo kwa sababu alinong'onwa. Kwenye zahanati ya kwanza tuliyompeleka, muuguzi alimuuliza habari za mume wake mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Mama akafunga mdomo. Nina uchungu na jambo lile mpaka leo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe unaelezeka, wala maelezo yake hayana aibu yoyote. Mama aliugua tetekuwanga akiwa mtoto, kama watoto wengi. Vipele vilikauka, lakini kirusi hakikuondoka. Kilipanda kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye mizizi yake kando ya uti wa mgongo, kikalala humo zaidi ya miaka 50. Kilipoamka kilishuka kwa mshipa mmoja tu. Kila mshipa wa aina hiyo unahudumia ukanda mwembamba wa ngozi wa upande mmoja, kutoka mgongoni hadi katikati ya kifua, basi. Ndiyo maana malengelenge ya mama yalifika katikati ya kifua yakakoma, kana kwamba kuna mstari umechorwa.

Bibi yetu alikuwa akisema mkanda ukizunguka mwili mzima ncha zikakutana, mgonjwa hufa. Mama aliamini hivyo, na kila asubuhi alijipapasa kuona umefika wapi. Laiti mtu angemwambia mapema kwamba mishipa ya kushoto haivuki kwenda kulia, angalau hofu hiyo ingempungukia.

Na laiti angeambiwa kuhusu siku tatu. Dawa ya mkanda, asaiklovia, haiui kirusi kilicholala. Inakizuia kisizaliane, kwa hiyo inatakiwa ikikute kikiwa kazini: ndani ya saa 72 tangu malengelenge ya kwanza kutokea. Muda huo ukipita, mshipa unakuwa umeshaumia. Mama alifika kwa daktari siku ya sita. Alipewa dawa kwa sababu malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka, lakini daktari alituambia wazi kwamba muda mzuri umetupita. Ngozi ilipona baada ya wiki nne. Maumivu yalikaa miezi 14. Alikuwa akisema ni kama mtu anampitishia pasi ya mkaa ubavuni, na feni ikimpulizia upande ule anatoa machozi.

Malengelenge ya mkanda yakitokea kwenye paji la uso, na hasa kwenye ncha ya pua, usingoje hata kesho. Mshipa unaofika pale ndio unaofika kwenye jicho, na watu hupoteza uwezo wa kuona.

Kirusi cha tetekuwanga ni mmoja wa ukoo wa hepesi, na kwa binadamu ukoo huo una virusi tisa. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutambaa. Tabia yao wote ni moja: wakishaingia hawatoki, wanalala, wanangoja. Lakini taja neno hepesi barazani uone nyuso zinavyobadilika. Kila mtu anafikiria malengelenge ya sehemu za siri, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Hebu tuangalie ndugu wawili wa kwanza wa ukoo huo. Aina ya kwanza ndiyo hutoa vidonda vya mdomoni, vile ambavyo mtu akitoka kwenye malaria tunasema homa imetokea mdomoni, au tunamsingizia buibui kwamba kakojoa. Hakuna anayeona haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo. Aina ya pili inakaa zaidi sehemu za siri, na mtu akiwa nayo anaona dunia imemwishia. Tabia zao zinafanana mno, dawa ni ileile, na hata ile ya kwanza inaweza kushuka chini kwa ngono ya mdomo. Watu milioni 846 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana hepesi ya sehemu za siri, na wengi hawajui.

Sisemi ni jambo dogo. Aina ya pili huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU karibu mara tatu. Na mama mjamzito anayepata maambukizi hayo kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto njiani, mtoto akafa au akaumia ubongo. Mkunga akijua mapema, kuna la kufanya. Lakini atajuaje, kama mama amefundishwa kwamba kutaja kidonda hicho ni kujivua nguo?

Namba tatu ndiyo ile ya tetekuwanga. Namba nne, kirusi kiitwacho Epstein-Barr, imeandikiwa historia yake hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa wodini Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari ya gari kuelekea kusini mwa Afrika, hospitali hadi hospitali, kilomita zipatazo 16,000. Aligundua saratani ile inakaa kwenye maeneo ya joto na mvua, yaleyale yenye malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Shehena moja ya Desemba 1963 ilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, na chupa ilipofika majimaji yake yalikuwa yamevurugika. Ungedhani imeoza. Anthony Epstein, mtafiti wa huko London, aliitazama kwanza kwa hadubini, akaona zile ni seli za saratani zinaelea zikiwa hai. Kutoka kwenye seli za namna hiyo, mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Watu wazima zaidi ya 9 kwa kila 10 tunacho. Kwa wachache, watoto walioshambuliwa na malaria mara kwa mara, hufungua mlango wa saratani hiyo. Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, usikimbilie kung'oa jino. Uvimbe huu hukua haraka mno, na dawa za saratani zikiuwahi hunywea haraka vilevile.

Waliobaki nawataja kwa kifupi. Namba tano, kirusi cha saitomegalo, humkuta mtoto tumboni na ni chanzo kikubwa cha uziwi wa kuzaliwa nao. Namba sita, ambayo iko ya aina mbili, na namba saba huwapa watoto wachanga homa kali ya siku tatu au zaidi, homa ikishuka ndipo upele unatoka, na wazazi hulaumu dawa waliyompa. Ya nane inasababisha saratani ya Kaposi, iliyokuwako huku kwetu kabla ya UKIMWI; kirusi chake kilipatikana mwaka 1994.

Mwezi uliopita jirani yetu alikuja kukaa na mama barazani. Alikuwa anajishika mgongo, akasema amelalia vibaya na tangu jana kumetoka vipele. Mama hakumalizia hata kumimina chai. Alimwingiza ndani, akamtazama, kisha akapandisha blauzi yake mwenyewe akamwonyesha makovu.

"Mimi nilificha siku sita," alimwambia. "Wewe una mbili. Vaa viatu, twende."

Mdogo wangu alikuwa ameshatoka nje kuita bajaji.