Mbawakawa aliyepewa kazi kabla ya jina

Mwaka 1964 Marekani iliachilia mdudu ambaye wanasayansi walikuwa hawajampa jina. Alikuwa mbawakawa wa majani kutoka Argentina, wa milimita 5 hadi 7, mweusi mwenye michirizi ya manjano mgongoni. Jina lake rasmi, Agasicles hygrophila, lilichapishwa 1971, wakati tayari alikuwa na miaka kadhaa kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kula Alternanthera philoxeroides, gugu la Amerika Kusini lililotanda juu ya maji hadi mashua zikakosa njia. Kwa anayetaka kulaumu, hapo pana pa kuanzia: unamkaribishaje mgeni usiyemjua jina? Hoja hiyo hainishawishi sana. Kilichohitaji kujulikana kwanza ni anachokula, na hilo lilipimwa kabla hajavuka bahari. Huko Florida gugu la majini lilipungua kweli, na dawa za kunyunyizia pia.

Sifa zake zina mipaka, na mpaka mkubwa uko kwenye shina. Buu akishashiba majani hutoboa shina na kujificha ndani hadi awe mbawakawa kamili. Gugu linaloelea lina shina nene lenye uwazi. Linaloota nchi kavu lina shina jembamba, buu hapati chumba. Kwa hiyo mdudu anasafisha mto huku gugu likinawiri shambani, hatua chache tu kutoka ukingoni. Isitoshe, baridi kali humuua, na sehemu za kaskazini hulazimika kuletewa wengine kutoka Florida. Huyo ni kibarua wa msimu, na gharama ya kumrudisha kila mara isisahaulike anaposifiwa kuwa ni wa bure.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni China, alikopelekwa miaka ya 1980. Gugu hili ni la ukoo wa mchicha, na lina ndugu yake wa karibu, Alternanthera sessilis, ambaye watu wa Asia humla kama mboga. Watafiti wa China wamemkuta mbawakawa akimtafuna ndugu huyo pia. Si balaa, gugu lenyewe bado ndilo chakula anachokipenda. Ila Florida ningemwachilia bila kusita. China ningetaka kwanza kuwauliza wanaochuma mboga hiyo.